Mchagua Kapasita Ndiye Fundi

"Mchagua jembe si mkulima." Methali hii tumetupiwa mara tatu katika mikutano miwili iliyopita ya chama chetu, na kila mara aliyeitupa alikuwa na maana ileile: nunueni kapasita zozote, zilehemuni, kompyuta iwake, tuendelee na ajenda nyingine. Methali tunaiheshimu, na huenda kwa jembe ni kweli. Kwa kapasita tunaikataa, na tunaomba nafasi katika jarida hili tueleze sababu kabla wanachama hawajapiga kura.

Kwa wasiohudhuria, habari ni hii. Mwalimu mmoja mstaafu alipokuwa akihamia nyumba ndogo alituachia Macintosh SE/30 yake pamoja na sanduku la disketi. Katika diski ya kompyuta hiyo mna mazoezi ya Kiswahili aliyoyatunga kwa programu ya HyperCard mwanzoni mwa miaka ya 1990: kadi za msamiati, kadi za ngeli, na vitufe ambavyo ukivibonyeza unasikia mtu akitamka neno. Sauti ni za marafiki zake wa wakati ule hapa Toronto, mmoja wa Lamu, mmoja wa Unguja, mmoja wa Bukavu. Huyu wa mwisho alifariki miaka mingi iliyopita. Diski tuliitoa na kuinakili kabla ya kugusa kitu kingine chochote, kwa hiyo faili zimesalimika. Kompyuta yenyewe, hata hivyo, ni bubu. Ukiiwasha picha inatokea, lakini mlio wake wa kuwaka hausikiki, na ukibonyeza kitufe cha neno "samaki" unabaki unatazamana na mchoro wa samaki.

Wapo wanaosema nakala zatosha, chombo kitupwe. Hatukubaliani nao, na wala hatutalijibu hilo kwa urefu. Mwalimu alituomba jambo moja tu alipotukabidhi: angependa kuisikia tena. Mtu aliyewafundisha Kiswahili nusu ya watu wanaowafundisha ninyi hastahili kujibiwa kwamba tumemwekea nakala.

Kwa hiyo kompyuta itatengenezwa. Linalobaki ni kapasita 13 za kwenye bodi yake, na swali la zipi ziwekwe badala yake.

Kilichoharibika

Tuanze na wasiojua kapasita ni kitu gani, maana wengi wetu tumesoma fasihi na si umeme. Kapasita ni kama tangi la maji juu ya paa. Maji ya bomba yanakuja kwa nguvu, yanapungua, yanakatika, lakini bomba la jikoni linatoa maji yaliyotulia kwa sababu tangi liko katikati. Kapasita hufanya hivyo kwa umeme: hupokea unapozidi, hutoa unapopungua, na chipu zikapata umeme usioyumba. Katika njia ya sauti ina kazi nyingine pia, ya kupitisha mawimbi ya sauti na kuzuia umeme ule usiobadilika usifike kwenye spika.

Kapasita za kawaida za alumini zina karatasi mbili nyembamba za alumini zilizoviringishwa, katikati karatasi ya kawaida iliyoloweshwa majimaji yenye kemikali, na chini kizibo cha mpira. Mwishoni mwa miaka ya 1980 viwanda vilianza kutumia kwa wingi kapasita ndogo sana zinazolehemiwa juu ya bodi badala ya kupitisha miguu kwenye matundu. Majimaji yaliyowekwa katika nyingi za kapasita hizo yalikuwa na tabia mbaya ya kula kizibo chao wenyewe. SE/30 ilitoka Januari 1989, katikati kabisa ya kipindi hicho. Miaka ikapita, vizibo vikalegea, majimaji yakatambaa kwenye bodi na kuanza kula njia za shaba na miguu ya chipu. Katika SE/30 sauti ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kupotea, kwa sababu chipu za sauti ziko jirani na kapasita zinazovuja. Ukigusa lehemu ya hapo kwa chuma cha moto hupanda harufu ya samaki. Mwenzetu wa Tanga aliinusa akasema ni ng'onda, na kwa muda tukacheka.

SE/30 haiko peke yake. Amiga 600 na Amiga 1200 za mwaka 1992 zina ugonjwa huohuo, na hizo ni za Commodore, kampuni aliyoianzisha Jack Tramiel hapahapa Toronto katika miaka ya 1950. Mji huu una kundi la wapenzi wa Commodore, TPUG, lililoanza mwaka 1979 na bado liko hai. Mtu akituambia kwamba kukarabati kompyuta kongwe ni mchezo wa watu wachache wasio na kazi, tunamwomba akumbuke yuko mji gani.

Wala jambo hili si geni kwa waliokulia Afrika Mashariki. Wengi wetu tulijifunza kompyuta kwa mashine za mtumba, na tunakumbuka kapasita zilizovimba vichwa. Ugonjwa ule ulikuwa mwingine, wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliotokana na majimaji yaliyochanganywa vibaya kiwandani. Dell peke yake ilitenga dola milioni 300 mwaka 2005 kwa ajili ya kubadilisha bodi zilizoathirika, zikiwemo za OptiPlex GX270. Mashine za namna hiyo zilipofika kwetu kama mtumba na kuanza kuzimika ovyo, aliyezirudisha kazini alikuwa fundi wa Luthuli Avenue au wa Kariakoo, kwa kapasita alizozifungua kwenye bodi nyingine iliyokufa. Hakuwa na nafasi ya kuchagua, akatumia alichokuwa nacho. Sisi tunayo nafasi hiyo, na ndiyo maana hatuwezi kujificha nyuma ya methali ya jembe.

Kubadilisha au kuacha

Kuna wanachama wawili, na tunawaheshimu, wanaotaka bodi iachwe kama ilivyotoka kiwandani. Hoja yao ni ya makumbusho. Katika Chuo Kikuu cha York kuna makumbusho ya kompyuta yanayohifadhi historia ya MCM/70, kompyuta ndogo iliyobuniwa na kampuni ya Micro Computer Machines na kuonyeshwa Toronto mwaka 1973, kabla ya Apple kuzaliwa. Kompyuta kama hiyo ni hati ya kihistoria. Kila lehemu yake inamwambia mtafiti jambo, na anayeifungua na kubadilisha vipande anaweza kufuta ushahidi asioujua.

Tunakubaliana nao kuhusu MCM/70. Kuhusu SE/30 tunakataa kwa sababu moja: kapasita zinazovuja hazikai kimya zikitunza historia, zinaifuta. Kila mwezi zinapobaki kwenye bodi, shaba inazidi kuliwa. Mwenye kuacha kapasita hizi kwa ajili ya uhalisia ataishia na bodi halisi yenye matundu.

Lakini tusiigeuze sababu hiyo kuwa sheria ya kubadilisha kila kapasita ya kila kompyuta. Commodore 64 nyingi, zenye kapasita za miguu mirefu za zamani kidogo, bado zinafanya kazi na kapasita zake za kwanza baada ya miaka 40. Kuzing'oa zilizo nzima ni kuhatarisha bodi bure, maana joto la chuma cha kulehemia nalo huua. Kanuni tunayoipendekeza kwa chama ni rahisi: aina inayojulikana kwamba huvuja, toa mara moja hata kama bado inaonekana nzima, aina isiyovuja, pima kwanza kwa mita, na kama ni nzima iache.

Na kabla ya yote hayo, betri. Katika Macintosh za wakati ule kuna betri ndogo ya volti 3.6 ya kutunza saa. Ikipasuka huharibu zaidi ya kapasita zote kwa pamoja. Ya kwetu tuliitoa siku ya kwanza. Mwenye Macintosh kongwe kabatini aitoe leo, hata kama hana mpango wa kuikarabati. Atafute lakini mtu aliyezoea kazi hiyo, kwa sababu kioo cha kompyuta hizi huweza kubaki na umeme mkali hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Aina nne mezani

Bodi ya SE/30 ina kapasita 10 za mikrofaradi 47 na volti 16, mbili kubwa za mikrofaradi 470 na volti 16, na moja ya mikrofaradi 1 na volti 50. Kanuni za mwanzo hazina ubishi: mikrofaradi ziwe zilezile, volti ziwe zilezile au zaidi, umbo litoshee. Baada ya hapo kuna aina nne za kuchagua, na ubishi wa chama unaanzia hapo.

Ya kwanza ni alumini ya majimaji, kama za zamani lakini za leo. Ni za bei nafuu na zinapatikana. Wanaozikataa wanasema zitavuja tena. Wanaozitetea wanasoma karatasi ya kiwanda na kutuonyesha saa: saa 2,000 kwa joto la nyuzi 105. Tufanye hesabu hiyo pamoja, maana imewapoteza wengi. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto likishuka kwa nyuzi 10, maisha ya kapasita huongezeka maradufu. Tuseme ndani ya kompyuta yetu mna nyuzi 55. Kapasita ya nyuzi 105 imeshuka kwa nyuzi 50, yaani maradufu mara tano: saa 64,000. Tukiitumia kompyuta saa tatu kwa wiki, hiyo ni zaidi ya karne nne. Hata kapasita duni ya nyuzi 85 ingetupa saa 16,000, yaani karne moja na ushei. Hakuna anayeamini kwamba kizibo cha mpira kitadumu karne nne. Hesabu hiyo inahusu kapasita inayofanya kazi usiku na mchana. Ya kwetu itakaa kabatini karibu maisha yake yote, na kitakachoiua ni umri wa kizibo. Kwa hiyo tusinunue saa. Tununue kiwanda kinachojulikana, kama Nichicon, Panasonic au Rubycon, kutoka kwa muuzaji anayejulikana, kwa sababu kapasita bandia zenye majina hayohayo zimejaa sokoni.

Ya pili ni alumini ya polima. Umbo lake ni lilelile la kopo dogo, ila ndani hamna majimaji. Kuna plastiki maalumu inayopitisha umeme. Kisicho na maji hakivuji. Ni ghali kidogo kuliko ya majimaji. Pengine huvujisha umeme mwingi zaidi kuliko ya majimaji, jambo lenye maana katika saketi chache, na kwa kazi ya kutuliza umeme wa bodi halitusumbui.

Ya tatu ni ya kauri. Haina majimaji, haina chanya wala hasi, haizeeki haraka. Kasoro yake haionekani kwa macho: kapasita ndogo ya kauri ikiwekewa umeme unaokaribia volti zake hupungua uwezo, na ile iliyoandikwa mikrofaradi 47 inaweza kubaki na nusu au chini ya hapo. Kwa mikrofaradi 1 tatizo hilo ni dogo. Kwa 47 ni kubwa.

Ya nne ni tantali, na hiyo ndiyo inayopendwa na wakarabati wengi wa Macintosh. Ni ndogo, haivuji, hudumu. Mtu akitafuta vipande vya kukarabatia SE/30, mara nyingi huuziwa mfuko mzima wa tantali tayari. Nasi tulikuwa karibu kuununua.

Sababu za fundi dhidi ya tantali

Tuna sababu mbili za kiufundi. Kwanza, alumini ikifa hukauka, huvimba au huvuja. Kompyuta inaugua, unaiona inaugua, unaitibu. Tantali ikifa mara nyingi hupiga shoti, na ikipata umeme wa kutosha huwaka moto. Ndiyo maana wanaoitumia kwa uangalifu huweka yenye volti mara mbili ya zile zitakazopita: penye laini ya volti 12 wanaweka ya volti 25 au 35. Mfuko unaouzwa tayari mara nyingi unafuata volti 16 zilizoandikwa kwenye kapasita ya zamani, na hapo ndipo ajali inapoanzia.

Pili, alama. Kwenye kopo la alumini, mstari unaonyesha upande hasi. Kwenye kipande cha tantali, mstari unaonyesha upande chanya. Fundi atakayekuja baada yetu, mwaka 2050 pengine, akiwa amezoea kopo la alumini, akageuza tantali moja kichwa chini miguu juu, ataisikia kabla ya kuiona. Sisi ni chama cha wanafunzi. Kila baada ya miaka minne watu wote wanabadilika. Mashine yetu lazima itengenezwe kwa namna itakayomsamehe mgeni.

Kama tungeishia hapo makala ingekuwa fupi, na kura ingekuwa rahisi. Lakini kuna sababu ya tatu iliyozungumzwa mkutanoni, na namna ilivyozungumzwa ndiyo iliyotusukuma kuandika.

Rubaya

Tantali hutolewa katika madini ya koltani. Kanada inayo, mgodi wa Tanco huko Manitoba ulianza kuchimba tantali mwaka 1969. Brazili na Australia zinayo. Lakini sehemu kubwa ya tantali ya dunia hutoka katika eneo la Maziwa Makuu, na jina linalotajwa zaidi ni Rubaya, wilaya ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, ambako watu huchimba kwa sururu na koleo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza kwamba Rubaya peke yake hutoa yapata asilimia 15 ya tantali ya dunia. M23 waliuteka mji huo mwishoni mwa Aprili 2024, na wataalamu haohao wakaripoti kwamba kundi hilo lilikuwa likikusanya angalau dola 800,000 kwa mwezi kwa kutoza kodi koltani.

Watu wa Masisi na Goma wanazungumza Kiswahili. Tunalisema hili kwa sababu katika madarasa yetu Kiswahili huishia Kigoma, na Kongo hutajwa katika somo la lahaja wiki ya mwisho, muda ukiruhusu.

Basi mmoja wetu alisimama akapendekeza chama kisusie tantali kabisa. Wengi tukapiga makofi. Hapo akainuka mwenzetu aliyekulia Goma. Aliongea polepole.

"Ndugu zangu," alisema, "naomba msinihurumie kwa kapasita. Mwaka 2010 watu wa huku waliona uchungu juu yetu, wakaweka sheria. Baba mdogo wangu alikuwa mchimbaji. Wanunuzi wakaondoka. Askari hawakuondoka. Watoto wake ndio walioondoka shuleni."

Hakuna aliyepiga makofi.

Alikuwa anasema kweli, na historia yake inafaa kujulikana. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kinazitaka kampuni kueleza kama madini yao ya tantali, bati, tungsteni na dhahabu yanatoka Kongo au kwa jirani zake. Septemba mwaka huohuo Rais Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, na zuio hilo likadumu hadi Machi 2011. Wanunuzi wengi waliona ni rahisi zaidi kuikimbia Kongo kuliko kuthibitisha kila gunia. Wachimbaji wakapoteza riziki. Baadaye ulikuja utaratibu wa kufunga magunia vibandiko vya kuonyesha mgodi yalikotoka, lakini gunia huhama usiku na kibandiko hununuliwa. Hapa Kanada mbunge Paul Dewar alileta muswada wa C-486 wa kuzitaka kampuni za Kanada nazo zichunguze madini yao. Bunge liliukataa mwaka 2014.

Kwa hiyo tunasema waziwazi: hatupendekezi kususia. Kapasita 13 za chama cha wanafunzi hazitafunga mgodi wala kulipa karo ya mtoto. Anayedhani ameisaidia Masisi kwa kununua polima amejisaidia mwenyewe, amelala vizuri usiku. Kwa kompyuta yetu tungeikataa tantali hata kama ingechimbwa nyuma ya maktaba, kwa sababu ya moto na kwa sababu ya ule mstari.

Lakini hatukubali pia jibu la upande wa pili, kwamba kwa kuwa hatuwezi kubadilisha lolote basi hayatuhusu, tuchague kwa bei. Tungenunua ule mfuko wa tantali bila ubishi wowote, tusingelitamka jina la Rubaya katika chumba kile, na mwenzetu angeendelea kukaa nasi mwaka wa tatu bila mtu kumwuliza habari za kwao. Ilibidi kipande kidogo kuliko punje ya mchele kibishaniwe ndipo tumsikie. Tunaona aibu kuliandika hili, na tunaliandika.

Faida ya kuchagua kwa makini, kwa hiyo, ni kwamba humlazimisha mtu aulize kitu kimetoka wapi, kitakufaje, na nani atakishika baada yake. Fundi mzuri huyauliza yote matatu. Chama cha Kiswahili kina wajibu zaidi kuhusu swali la kwanza, kwa sababu jibu lake linasemwa kwa lugha tunayodai kuisoma.

Neno kwa wanaorudi nyumbani na kompyuta

Kabla ya mapendekezo, onyo moja ambalo halihusu SE/30 peke yake. Kompyuta nyingi za miaka ya 1980, BBC Micro na Apple II zikiwemo, zina kapasita za karatasi za RIFA mahali umeme wa ukutani unapoingilia. Ganda lake la plastiki hupasuka kwa umri, karatasi hunyonya unyevu, na siku moja ukiwasha chumba kinajaa moshi. Nyingi zimeandikwa volti 250. Hapa Toronto ukuta unatoa volti 120, kwa hiyo kapasita mgonjwa anaweza kujikongoja miaka. Ipeleke mashine hiyohiyo Mombasa au Dar es Salaam, kwenye volti 230 au 240 na unyevu wa bahari, na umemwongezea mgonjwa mzigo maradufu. Hakikisha kwanza kwamba mashine yenyewe inakubali umeme wa huko. Kisha badilisha kapasita hiyo kwa mpya ya daraja la X2, volti 275 au zaidi. Usiweke kapasita ya kawaida mahali hapo, hata kama namba zinafanana. Daraja la X2 limetengenezwa ili likifa lisiunguze nyumba.

Tunachopendekeza

Tunawaomba wanachama wapitishe mambo manne.

Kwanza, kapasita zile 10 za mikrofaradi 47 ziwe za alumini ya polima, volti 20 au 25. Mbili kubwa ziwe za alumini ya kawaida ya nyuzi 105, kutoka kiwanda kinachojulikana. Ile ya mikrofaradi 1 iwe ya kauri, volti 50. Gharama yote kwa SE/30 moja haifiki ya pizza za mkutano mmoja.

Pili, bodi isafishwe vizuri kwa spiriti baada ya kapasita kutolewa, na kila njia ya shaba ipimwe kabla kitu kipya hakijawekwa. Kapasita bora kwenye bodi chafu ni kazi bure.

Tatu, kapasita za zamani zisitupwe. Zioshwe, zitiwe kwenye bahasha yenye namba ya mahali ilipotoka kila moja, na bahasha itunzwe pamoja na kompyuta. Hilo ndilo deni letu kwa wenzetu wa hoja ya makumbusho, na tunalilipa kwa moyo.

Nne, ndani ya kasha ubandikwe waraka mmoja, kwa Kiswahili: tarehe, nini kimetolewa, nini kimewekwa, kiwanda gani, na kwa nini hatukuweka tantali, Rubaya ikitajwa kwa jina. Hapa tunawageukia walimu wetu. Tulipojaribu kuuandika waraka huo tulikwama mstari wa pili. Tuandike kapasita, au kondensa kama mafundi redio wa zamani? "Kupiga shoti" linafaa katika maandishi, au ni la mtaani? Mmoja wetu alimpigia simu mjomba wake, fundi wa redio Morogoro, akampa maneno sita kwa dakika mbili na hakuna hata moja tulilolisoma darasani. Walimu wetu, shikamooni, tunaomba kipindi kimoja muhula huu kiwe cha lugha ya mafundi. Na kingine kiwe cha Kiswahili cha Kivu, kisingoje wiki ya mwisho. Mwenzetu amekubali kusaidia kukiandaa, ila ametaka kwanza aulizwe na idara kwa barua, kama mtu anayejua kitu, na tunadhani ana haki.

Kura ni mkutano ujao. Mkiyapitisha, kazi itachukua Jumamosi mbili, na anayetaka kujifunza kulehemu aje na bodi mbovu yoyote ya kufanyia mazoezi, asianze na ya mwalimu. Kompyuta ikisema, tumekubaliana mwalimu ndiye atakayebonyeza kitufe cha kwanza. Tumemwuliza ataanza na neno gani. Amesema "samaki", kwa sauti ya yule wa Bukavu.